Kupima upungufu wa misuli kwa wazee: mwongozo kamili wa nyumbani na zahanatini

Bibi aliyezoea kukuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi huanza kuomba aletewe kiti. Babu aliyekuwa akisujudu na kuinuka bila kushika chochote huanza kusali akiwa ameketi. Mwingine huacha kwenda choo cha shimo peke yake usiku, si kwa sababu ya giza, bali kwa sababu akichuchumaa hana hakika kama atainuka. Watu wa nyumbani husema ni uzee tu, na kauli hiyo ina ukweli nusu: ni kweli kwamba misuli hupungua kwa kila anayezeeka, lakini kiasi kinachopungua hutofautiana sana kati ya mzee na mzee, na sehemu kubwa ya upungufu huo inaweza kuzuiwa au kurudishwa nyuma ikiwa imegunduliwa mapema. Kugundua kunahitaji kupima, na kupima hakuhitaji mashine kubwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zahanati, na mtoto au mjukuu anayemtunza mzee nyumbani.

Hali hii ilipewa jina la kitabibu na Irwin Rosenberg wa Marekani mwaka 1989, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la nyama ya mwili na jingine la ukosefu, akapata neno tunaloliandika kwa Kiswahili kama sakopenia. Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu walikuwa wakiangalia ukubwa wa misuli peke yake. Kisha utafiti uliofuatilia wazee wa Marekani wa miaka 70 hadi 79 kwa miaka mitatu ulionyesha kwamba nguvu za miguu zilipungua kwa kasi ya karibu mara tatu ya kasi ya kupungua kwa nyama yenyewe, na kwamba hata waliobakiza au kuongeza nyama hawakusalimika na kupoteza nguvu. Ndiyo maana kundi la wataalamu wa Ulaya lililotoa fasili yake ya kwanza mwaka 2010, na ambalo kwa kifupi huitwa EWGSOP, lilipoirekebisha katika toleo lililochapishwa mwaka 2019 lilitanguliza nguvu. Mzee mwenye nguvu pungufu huhesabiwa kuwa huenda ana sakopenia. Akikutwa pia na misuli michache, hali huthibitishwa. Na akiwa zaidi ya hayo anatembea kwa shida, hali huitwa kali.

Mpangilio huo ni habari njema kwetu, kwa sababu nguvu na mwendo ndivyo vitu vinavyopimika kwa kiti, saa na chaki. Ukubwa wa misuli, ambao unataka mashine, unakuja mwishoni. Kwa hiyo nashauri mtu asiahirishe kumpima mzee wake eti mpaka apate nafasi ya kumpeleka hospitali ya rufaa.

Maandalizi

Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni hadi kwenye kikalio, na ukiegemeze ukutani ili kisirudi nyuma. Kiti cha plastiki hakifai isipokuwa hakuna kingine, kwa kuwa miguu yake hupanuka kwenye sakafu laini, na vingi ni vifupi mno. Pima kimo cha kiti hicho, ukiandike daftarini, na utumie kiti hichohicho kila mara. Kiti kilichopungua sentimita tano tu hubadilisha matokeo kiasi cha kukufanya udhani mzee amezorota kumbe ni kiti. Andaa pia saa ya simu inayohesabu sekunde na sehemu zake, futi ya fundi cherehani ambayo haijachakaa na kuvutika, chaki au utepe wa kubandika, mizani ya uzito, na sehemu tambarare yenye urefu wa mita sita au zaidi. Ukumbi wa zahanati unatosha, na hata uwanja uliofagiwa vizuri unafaa ikiwa ardhi yake ni ngumu na haina mteremko.

Mzee avae viatu alivyozoea, si kandambili zinazochomoka. Aliyevaa kanga au kikoi kirefu akipandishe kidogo kisimkwaze. Kama hutumia fimbo au mkongojo, aruhusiwe kuutumia katika kipimo cha mwendo, na jambo hilo liandikwe.

Kabla ya yote, msalimie, keti naye, na umweleze kwa lugha anayoielewa kwamba unataka kujua nguvu za misuli yake zikoje ili isaidie kumlinda na kuanguka. Umuombe ridhaa yake mwenyewe, si ya mwanawe aliyesimama mlangoni. Mzee asiyeelewa kwa nini anaambiwa asimame na kuketi mara tano huona anachezewa, na hujitumia nusu ya uwezo wake. Kipimo cha namna hiyo hakina thamani.

Usimpime siku hiyo ikiwa ana maumivu ya kifua, anahema akiwa amekaa, ana homa, ana kizunguzungu, amefanyiwa upasuaji hivi karibuni, au amevunjika mfupa wa nyonga au mguu na hajaruhusiwa kuukanyagia. Tena ikiwa udhaifu ulimjia ghafla, hasa upande mmoja wa mwili, au maneno yake yamepotoka, hiyo si kazi ya mwongozo huu: ni dalili ya kiharusi, na apelekwe hospitali mara moja.

Kisha andika umri wake. Wazee wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, na umri ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ni wa kukisia. Uliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 au Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964: alikuwa amebebwa mgongoni, amekwisha kuanza kuchunga mbuzi, au alikuwa na mtoto wake wa kwanza? Majibu ya namna hiyo hukupa umri unaokaribia ukweli kuliko tarehe ya 1 Januari aliyoandikiwa na karani.

Hatua ya kwanza: maswali matano

Dodoso linaloitwa SARC-F lina maswali matano, na kila swali hupewa alama 0 ikiwa hakuna shida, 1 ikiwa kuna shida kiasi, na 2 ikiwa shida ni kubwa au hawezi kabisa. Swali la kwanza linahusu kuinua na kubeba mzigo wa kilo 4.5, kwa mzee wetu mzigo huo ni dumu la lita 5 ambalo halijajaa hadi shingoni. La pili linahusu kutembea kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, na hapa anayetegemea fimbo hupata alama 2. La tatu ni kuinuka kutoka kwenye kiti au kitandani. La nne ni kupanda ngazi kumi. La tano ni kuanguka katika mwaka uliopita: kama hajaanguka hata mara moja ni 0, mara moja hadi tatu ni 1, mara nne na zaidi ni 2. Jumla ikifika 4 au kuvuka, mzee anahitaji kupimwa kwa ukaribu zaidi.

Swali la ngazi lina tatizo kwa mtu aliyeishi maisha yake yote katika nyumba ya chini. Anayejibu kwamba hana shida na ngazi huenda hajapanda ngazi hata moja kwa miaka kumi. Unaweza kumuuliza kuhusu kipando kifupi anachokifahamu, kama vile njia ya kutoka kisimani, lakini andika pembeni kwamba swali limebadilishwa, kwa sababu alama zake haziwezi tena kulinganishwa moja kwa moja na za dodoso la asili.

Dodoso hili lina udhaifu mwingine ulio mkubwa zaidi: likisema mzee ana tatizo, kwa kawaida ni kweli, lakini huwaacha wengi wenye tatizo wapite. Wazee hujizoeza. Bibi aliyeacha kubeba ndoo kwa sababu mjukuu humbebea atakuambia hana shida ya kubeba ndoo. Kwa hiyo hata aliyepata alama 0, ikiwa wewe mwenyewe umeona mwendo wake umepungua, amekonda, au anasukuma magoti kwa viganja anapoinuka, endelea naye kwenye hatua ya pili. Ningekuwa na muda wa kufanya jambo moja tu kwa mzee, ningeyaacha maswali na kufanya kipimo cha kiti kinachofuata.

Hatua ya pili: kuinuka kitini mara tano

Mzee aketi katikati ya kiti, miguu ikikanyaga sakafu, mikono ikiwa imekunjwa kifuani kila kiganja kikishika bega la upande wa pili. Kwanza mwombe ainuke mara moja tu bila kutumia mikono. Akishindwa au akilazimika kujisukuma, usiendelee. Andika "hakuweza bila mikono", na hilo lenyewe ni jibu zito. Akiweza, mwonyeshe wewe mwenyewe namna ya kuinuka hadi kunyooka kabisa, kuketi hadi kugusa kiti, na kuinuka tena, mara tano mfululizo kwa haraka kadiri awezavyo bila kujihatarisha.

Simama ubavuni kwake, si mbele yake, ili uweze kumdaka bila kumzuia. Sema "tayari, anza", na uiwashe saa kwa neno "anza". Hesabu kwa sauti kila anaponyooka: moja, mbili, tatu. Simamisha saa anaponyooka mara ya tano, si anapoketi. Kosa la kusubiri hadi aketi ni la kawaida sana, nalo huongeza sekunde moja au zaidi, kiasi kinachotosha kumvusha mzee upande wa pili wa mpaka. Kosa jingine ni kukubali nusu kuinuka: magoti yakibaki yamekunjwa, hiyo haihesabiwi.

Kwa kipimo cha Ulaya, zaidi ya sekunde 15 huonyesha nguvu pungufu. Kundi la wataalamu wa Asia katika mwongozo wao wa mwaka 2019 waliweka mpaka mkali zaidi, sekunde 12 na kuendelea. Shirika la Afya Duniani, katika utaratibu wake wa huduma kwa wazee uitwao ICOPE, huuliza kama mzee amemaliza mara tano ndani ya sekunde 14. Usitatizwe na tofauti hizo, nitazirudia mbele. Akipitisha dakika moja, akianza kutumia mikono, akishika kifua au akichoka kupita kiasi, simamisha.

Magoti yanayouma huharibu kipimo hiki. Mzee mwenye ugonjwa wa maungio anaweza kuwa na misuli mizuri ya mapaja lakini akachukua sekunde 20 kwa maumivu. Muulize baada ya kumaliza: "Ni nini kilichokuzuia, ni maumivu, ni pumzi, au ni nguvu zenyewe?" Jibu lake liandikwe sawasawa na alivyolitoa, kwa sababu ni wao wenyewe, mara nyingi kuliko sisi, wanaojua tofauti hiyo.

Hatua ya tatu: nguvu ya kiganja

Nguvu ya kushika hupimwa kwa dinamometa, yaani kifaa cha kubana kwa kiganja kinachoonyesha kilo. Kinachotumika zaidi katika tafiti ni cha Jamar chenye mafuta ndani yake. Vya kielektroniki vya bei nafuu vipo pia, na vinafaa mradi usichanganye vifaa viwili kwa mzee mmoja. Inashangaza kwamba kiganja huweza kueleza habari za mwili mzima, lakini utafiti mkubwa uitwao PURE, uliofanywa katika nchi 17 na kuchapishwa mwaka 2015 ukiwa na watu karibu 140,000, ulikuta kwamba kila kilo 5 zilizopungua katika nguvu ya kiganja ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa kwa sababu yoyote.

Mzee aketi kwenye kiti chenye mikono, miguu ikikanyaga sakafu, mkono wake ukilala juu ya mkono wa kiti na kifundo kikitokeza kidogo mbele ya ukingo, dole gumba likielekea juu. Kama kifaa kina nafasi kadhaa za mshikio, nafasi ya pili ndiyo itumikayo kwa wengi. Wewe shikilia uzito wa kifaa kwa chini bila kukibana, maana mzee anayelazimika kukibeba hupoteza nguvu huko. Rudisha mshale kwenye sifuri. Kisha mwambie abane kwa nguvu zake zote, nawe umhimize kwa sauti ileile kwa kila mzee: "Kaza, kaza, kaza zaidi, haya achia." Mhimizo huo si pambo. Anayehimizwa hubana zaidi ya aliyeachwa kimya, na ukimhimiza leo ukanyamaza mwezi ujao utaona upungufu ambao haupo.

Pima mkono wa kulia, kisha wa kushoto, ukibadilishana hadi kila mkono upate mara tatu, na uchukue kilo zilizo nyingi kuliko zote katika hizo sita. Usichukue wastani. Mpaka wa Ulaya ni chini ya kilo 27 kwa mwanamume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke. Wa Asia ni chini ya 28 na chini ya 18. Aliyefanyiwa upasuaji wa mkono au mwenye vidole vilivyovimba kwa baridi yabisi asipimwe mkono huo.

Zahanati isiyo na dinamometa isijaribu kubuni mbadala kwa kumwambia mzee abane vidole vya muuguzi. Hilo hufaa kugundua kiharusi, si kupima sakopenia, kwa kuwa hakuna nambari unayoweza kuilinganisha miezi mitatu baadaye. Kipimo cha kiti kinatosha.

Hatua ya nne: misuli yenyewe, na hila ya mafuta

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo ningependa msomaji atulie. Tumezoea kumtambua mzee aliyeishiwa misuli kwa kukonda: mifupa ya mabega imetokeza, mapaja yamekuwa kama mwiko. Huyo ni rahisi kumwona. Asiyeonekana ni yule mwenye mwili mkubwa, ambaye misuli yake imepungua chini ya mafuta, na majirani husema amenawiri. Mwili wake unampa mzigo mkubwa wa kubeba na misuli michache ya kuubebea. Mijini, na hasa kwa akina mama wa makamo na wazee, hali hiyo si ngeni hata kidogo.

Mashine inayoaminika zaidi katika kazi ya kawaida ni DXA, inayotumia miale hafifu ya eksirei ya viwango viwili vya nishati kutenganisha mfupa, mafuta na tishu nyingine. Hujumlisha tishu isiyo mafuta ya mikono na miguu, na matokeo hugawanywa kwa kimo kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mpaka wa Ulaya ni chini ya 7.0 kwa mwanamume na chini ya 5.5 kwa mwanamke, kilo kwa mita mraba. Njia ya pili ni kupitisha umeme mdogo sana mwilini na kupima mkinzano wake, jambo linalofanywa na baadhi ya mizani za kisasa. Ni nafuu na haraka, lakini hutegemea maji ya mwili, kwa hiyo mzee aliyeharisha, aliyevimba miguu au aliyetoka kula na kunywa sana hutoa jibu la uongo. Mwenye kifaa cha kuendeshea moyo asipimwe kwa njia hii. Picha za CT na MRI huona misuli kwa undani zaidi, lakini sioni sababu ya kumtuma mzee apigwe picha hizo kwa ajili ya sakopenia peke yake. Kama zimekwisha kupigwa kwa ugonjwa mwingine, daktari anaweza kuitazama misuli iliyo kwenye pingili ya tatu ya kiuno.

Penye ukosefu wa hivyo vyote, pima mzingo wa shavu la mguu. Mzee aketi, goti likiwa limekunjwa kwa pembe mraba na unyayo ukikanyaga sakafu. Zungusha futi kwenye sehemu iliyo nene zaidi, ukiipandisha na kuishusha kidogo ili uhakikishe umepata upana mkubwa kabisa, na futi iguse ngozi bila kuibonyeza. Kabla ya hapo, bonyeza kwa dole gumba mbele ya muundi kwa sekunde chache. Kishimo kikibaki, mguu umejaa maji, na mzingo wake hauelezi habari za misuli bali za moyo, figo au mishipa, nalo ni jambo la kumweleza daktari. Wataalamu wa Ulaya walitaja chini ya sentimita 31 kuwa ishara ya hatari. Wale wa Asia hutumia chini ya 34 kwa wanaume na chini ya 33 kwa wanawake kama kigezo cha kuchuja.

Kwa mwenye mwili mkubwa mzingo huo lazima urekebishwe. Gawanya uzito kwa kilo kwa kimo kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Ukipata kuanzia 25 na chini ya 30, punguza sentimita 3 kwenye mzingo. Kuanzia 30 na chini ya 40, punguza 7. Kuanzia 40, punguza 12. Aliye chini ya 18.5 huongezewa 4. Marekebisho haya yalitolewa mwaka 2021 kutokana na takwimu za watu wa Marekani, na vipimo vyake vinavyoendana navyo ni 34 kwa wanaume na 33 kwa wanawake.

Hatua ya tano: mwendo na mizani ya mwili

Weka alama mbili za chaki zilizo mbali kwa mita 4. Mzee asimame vidole vikigusa alama ya kwanza, atembee kwa mwendo wake wa kila siku, kama anayekwenda dukani, na apite alama ya pili bila kusimama juu yake, kwa kuwa anayejua atasimama hapo hupunguza mwendo kabla ya kufika. Rudia mara mbili na uchukue mwendo wa haraka zaidi. Gawanya 4 kwa sekunde ulizopata. Mita 0.8 kwa sekunde au pungufu, ambayo ni sawa na sekunde 5 au zaidi, ni mwendo hafifu kwa kipimo cha Ulaya. Usizungumze naye wala usitembee mbele yake, atakufuata wewe.

Ukitaka picha kamili, ongeza kusimama wima kwa sekunde 10 katika namna tatu: miguu sambamba, kisha kisigino cha mguu mmoja kikiwa ubavuni mwa dole kubwa la mwingine, kisha kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma yake. Mbili za kwanza zina alama 1 kila moja. Ya tatu ina 2 akitimiza sekunde 10, na 1 akifika kuanzia 3. Mwendo wa mita 4 hupewa alama 4 ukiwa chini ya sekunde 4.82, alama 3 hadi 6.20, alama 2 hadi 8.70, na 1 ukizidi hapo. Kipimo cha kiti hupewa 4 hadi sekunde 11.19, 3 hadi 13.69, 2 hadi 16.69, na 1 hadi dakika moja. Jumla ya juu kabisa ni 12, na 8 au pungufu ni hali hafifu. Mkusanyiko huu, unaojulikana kwa kifupi SPPB, ulichapishwa na Jack Guralnik na wenzake mwaka 1994 na bado haujapata mpinzani wa kweli kwa urahisi wake.

Kusoma majibu

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 74, uzito kilo 76, kimo mita 1.54. Kitini amechukua sekunde 17.8, kiganja kimetoa kilo 14, mwendo wa mita 4 ni sekunde 5.6, na katika kusimama amefaulu namna mbili za kwanza na kudumu sekunde 6 katika ya tatu. Mguu wake una sentimita 35 na haujavimba. Nguvu zake ni pungufu kwa kiti na kwa kiganja pia. Mwendo wake ni mita 0.71 kwa sekunde. Alama zake za SPPB ni 3 za kusimama, 3 za mwendo na 1 ya kiti, jumla 7. Kwa macho, mguu wa sentimita 35 ni mzuri. Lakini uwiano wake wa uzito na kimo ni 32, hivyo tunatoa 7 na kubaki na 28. Bibi huyu anayeonekana amenawiri huenda ana sakopenia kali, na apelekwe kwa daktari akiwa na karatasi yenye nambari hizi zote, kwani ni kipimo cha mashine peke yake kitakachothibitisha.

Sasa kuhusu mipaka inayotofautiana. Kilo 27 na 16 hazikushuka kutoka mbinguni: zilitokana na tafiti 12 za Uingereza, ambako nguvu za vijana zilipimwa na mpaka kuwekwa chini ya wastani wao kwa kiasi kilekile kinachotumika kutambua mifupa iliyodhoofika. Wataalamu wa Asia walipopima watu wao wakaweka mipaka yao. Mkulima wa Hai au mvuvi wa Pemba hakuwemo katika hesabu hizo. Mzee aliyelima kwa jembe la mkono miaka hamsini anaweza kuwa amepoteza theluthi ya nguvu zake na bado akabana kilo 30. Kwa sababu hiyo naichukulia mipaka hiyo kama kibao cha njiani, na hukumu yenyewe naiacha kwa mzee kulinganishwa na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita.

Kurudia

Pima tena baada ya miezi mitatu, saa ileile ya siku, kwa kiti, kifaa na maneno yaleyale, na ikiwezekana kwa mpimaji yuleyule. Mabadiliko madogo ni kelele tu za upimaji. Mwendo ukibadilika kwa mita 0.1 kwa sekunde, alama za SPPB kwa 1, au kiganja kwa kilo 5, hapo kuna jambo la kweli, liwe la kheri au la shari. Katikati ya vipimo viwili ndiko kuna kazi ya kurejesha: mazoezi ya kuipa misuli mzigo, ambayo kwa wengi huanza na kuinuka kitini kulekule kulikotumika kupima, pamoja na chakula chenye protini ya gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kutoka kwenye maharage, dagaa, samaki, mayai na maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuonana na daktari. Na aliyepungua uzito bila kukusudia achunguzwe kisukari, kifua kikuu, VVU na saratani kabla ya kuambiwa ni uzee.

Katika daftari, acha safu moja pana ya sababu. Kipimo kisichokamilika kiandikwe kwa maneno, kamwe kisiachwe wazi: "alijaribu akashindwa", "alikataa", "goti la kushoto liliuma", "aliogopa kuanguka". Nafasi tupu, mtu atakayelisoma daftari baada yako ataidhania kuwa ni kusahau, kumbe mzee alijaribu kuinuka mara tatu na hakuweza, na hiyo ndiyo habari iliyo nzito kuliko zote katika ukurasa huo.